Mimba Changa na Nguo Zisizokaa: Mwongozo Kamili wa Kuvaa Kabla ya Nguo za Ujauzito

Swali hunijia kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile. Mwanamke yuko wiki ya 8 au ya 10, jinzi haifungi tena, amekimbilia kununua suruali ya ujauzito, na sasa hiyo nayo inamteremka kila akipanda ngazi. Anarudi kwenye jinzi, anavuta pumzi, anafunga kifungo kwa nguvu. Ikifika alasiri tumbo linamuuma na kiungulia kimempanda. Kesho yake anarudia.

Kosa analofanya nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe katika mimba yangu ya kwanza: anavalisha tumbo ambalo bado hana. Tumbo la mimba changa si la mtoto. Mpaka wiki ya 12 hivi, mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya nyonga, nyuma ya mfupa wa kinena. Kinachokaza nguo wakati huo ni gesi, kwa sababu homoni ya projesteroni imepunguza mwendo wa matumbo. Tumbo la namna hiyo hushuka usiku na kujaa mchana. Asubuhi uko vilevile, jioni hujitambui.

Suruali ya ujauzito imeshonwa kwa tumbo la duara, gumu, lisiloshuka. Wewe unahitaji nguo inayokwenda na tumbo linalopanda na kushuka ndani ya siku moja. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye jambo hilo: vaa kwa ajili ya tumbo la jioni.

## Vitu vya kuandaa

Vingi unavyo tayari nyumbani.

- Futi ya fundi nguo. Kama huna, uzi na rula vinatosha.
- Mipira 3 au 4 ya kufungia nywele, minene kiasi, isiyo na kipande cha chuma.
- Fulana ya zamani inayovutika na kukaza mwilini, ambayo uko tayari kuitoa kwa kazi nyingine.
- Kiungio cha kuongezea mkanda wa sidiria, yaani kile kipande kidogo chenye ndoano upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Kitafute penye vifaa vya ushonaji au nguo za ndani.
- Fulana au shimizi 2 ndefu zinazofunika nyonga.
- Kiti cha kawaida kisicho na mto, na kioo kinachokuonyesha ubavu.
- Karatasi na kalamu.

Mkasi utautumia kwenye ile fulana ya zamani tu. Nguo zako nyingine zisiguswe na mkasi mpaka usome hatua ya 3 hadi mwisho.

## Hatua ya 1: Jipime jioni, si asubuhi

Baada ya chakula cha jioni, simama wima, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Pima sehemu nne: chini ya matiti, kifuani palipojaa zaidi, usawa wa kitovu, na nyonga mahali palipo pana kuliko pote. Andika. Kesho yake asubuhi, kabla ya kula, pima usawa wa kitovu peke yake.

Tofauti kati ya namba hizo mbili za kitovu ndiyo nafasi ambayo nguo yako inatakiwa kuwa nayo. Wengi hushangaa kuiona. Ukishaiona kwenye karatasi unaacha kujilaumu kwamba umenenepa ghafla, na unaacha kununua nguo kwa kipimo cha saa moja asubuhi.

Rudia kila baada ya wiki 2. Usipime kila siku. Futi haipimi ukuaji wa mtoto, na tumbo likipungua leo kuliko jana maana yake ni gesi imepungua, basi. Nimewahi kuongea na dada aliyekosa usingizi kwa sababu ya sentimita mbili zilizopotea usiku. Kazi ya kufuatilia ukuaji waachie wa kliniki.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi yenye namba 5 na tarehe.

## Hatua ya 2: Jaribio la kiti

Sasa fungua kabati. Jioni tena.

Kila nguo ya chini na kila gauni, livae kisha ukae kwenye kiti kwa dakika 10, nyayo zikiwa sakafuni. Katikati ya muda huo inama mbele kama mtu anayefunga kamba za viatu. Kusimama mbele ya kioo hakukwambii kitu, kwa sababu ukikaa tumbo linasogea mbele na juu, na hapo ndipo mkanda wa kiunoni unapoingia ndani ya nyama.

Panga mafungu matatu:

1. Zinazokaa. Umekaa dakika 10 na ukasahau kwamba umevaa.
2. Zinazookoleka. Nyonga na mapaja yako sawa, ila kiuno hakifungi au kinabana.
3. Za kupumzika. Zinabana mapajani au makalioni, au hazina namna ya kupanuka, kama gauni la kubana lenye zipu mgongoni.

Watu wengi huharibu kazi kati ya fungu la pili na la tatu. Wanatazama kiuno tu. Suruali iliyokaza makalioni haiokolewi na mpira wa kiunoni. Ukiifungua kiuno, uzito wote unahamia kwenye mshono wa nyuma, nao utaachia siku utakayoinama kuokota kitu. Kama mifuko ya pembeni imefunguka kama masikio au kitambaa kimejikunja mistari mapajani, hiyo ni ya fungu la tatu.

Fungu la tatu liweke kwenye boksi na ulitoe machoni. Ukiliacha kabatini, tumbo la asubuhi litakudanganya kwamba leo itafaa, nawe utatoka nayo.

## Hatua ya 3: Okoa suruali na sketi zako

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanaposhindwa. Kuna njia tatu. Anza na ya kwanza, panda kadiri mwili unavyodai.

### Njia ya kwanza: mpira wa nywele

Pitisha mpira kwenye tundu la kifungo, kisha uupitishe ndani ya kitanzi chake wenyewe na kuuvuta mpaka ukaze. Ncha iliyobaki itundike kwenye kifungo. Umepata nafasi ya sentimita 4 au 5, na nafasi hiyo inavutika: asubuhi inajifunga, jioni inaachia. Hiyo ndiyo faida yake kuliko kuacha kifungo wazi.

Mambo matatu huwashinda watu hapa.

Zipu inashuka. Funga kipande cha uzi mgumu kwenye mkia wa zipu, tengeneza kitanzi, na ukitundike kwenye kifungo kilekile. Zipu itasimama hapo ulipoiacha.

Ngozi inachunika. Meno ya zipu iliyo nusu wazi yanasugua tumbo siku nzima. Vaa shimizi au fulana ndefu ndani, uichomeke, ndipo ufunge mpira juu yake.

Mpira unaonekana. Blauzi ya juu ifike chini ya zipu, na isiwe ya kitambaa cha kunata mwilini. Jaribu kuinua mikono juu mbele ya kioo. Kama ncha ya mpira imeonekana, blauzi ni fupi.

Usitumie pini badala ya mpira. Ukiinama inaweza kufunguka, na ncha yake inaelekea tumboni.

### Njia ya pili: mkanda wa fulana

Chukua ile fulana ya zamani. Kata kipande cha duara kutoka chini, upana wa sentimita 25, pindo likiwa upande mmoja. Kivae kama sketi fupi juu ya suruali iliyoachwa wazi, kikunje mara mbili, nusu juu ya mkanda wa suruali na nusu chini. Kinashikilia suruali isishuke, kinafunika kifungo, na kwa anayekutazama ni kama fulana iliyochungulia chini ya blauzi.

Kazi ya mkanda huu ni kushika suruali, na si kubana tumbo. Ingiza kiganja kati yake na ngozi. Kama kiganja hakipiti kwa urahisi, tafuta fulana kubwa zaidi.

### Njia ya tatu: fundi

Kama una suruali moja au mbili za kazi ambazo huwezi kuziacha, zipeleke kwa fundi. Mwambie afungue mshono wa pembeni pande zote mbili, kuanzia kiunoni kushuka sentimita 12 hadi 15, kisha atie pembetatu ya kitambaa kinachovutika, upana wa sentimita 4 kwa juu kila upande. Mkanda wa kiunoni auachie palepale pembeni, asikate mbele wala nyuma.

Sababu ya kusisitiza pembeni ni kwamba mshono uliofunguliwa hurudishwa. Kitambaa kilichokatwa mbele hakirudi. Hujui mwili wako utakuwaje mwaka ujao, kwa hiyo usiharibu nguo nzuri kwa ajili ya wiki 8 za mpito.

Sketi za lastiki ni rahisi kuliko zote. Tafuta tundu dogo kwenye mshono wa ndani wa kiuno, toa lastiki, ibadilishe kwa ndefu zaidi inayolingana na kipimo chako cha jioni. Sketi ya kujifunga nayo ni rafiki mkubwa wa miezi hii. Unasogeza kifungo tu.

Utajua umefaulu ukivua nguo usiku na kukuta kiuno hakina alama nyekundu ya kuzama. Alama hafifu ya kitambaa si kitu. Mfereji unaoonekana hata baada ya kuoga unakwambia urudi nyuma.

### Je, kubana kunamdhuru mtoto?

Naulizwa hili kwa sauti ya woga, na nataka nilijibu vizuri. Katika miezi mitatu ya kwanza mfuko wa uzazi umezungukwa na mifupa ya nyonga. Kama ulivaa jinzi yako ya kukaza kwa wiki kadhaa kabla ya kujua una mimba, usijitese kwa hilo.

Anayeumia ni wewe. Mkanda uliokaza unasukuma tumbo juu, na kwa kuwa projesteroni imelegeza kizuizi kilicho kati ya koo la chakula na tumbo, tindikali inapanda na unapata kiungulia. Gesi nayo inakosa pa kwenda. Wengine hupata ganzi au moto upande wa nje wa paja, kwa sababu nguo imebana mshipa wa fahamu unaopita karibu na nyonga. Ukihisi hivyo, legeza nguo siku hiyohiyo.

Mikanda ya kukaza kiuno, ile ya kutengeneza umbo, iache kabisa. Hata kwa siku moja ya sherehe.

## Hatua ya 4: Sidiria

Kama una nguvu ya kushughulikia jambo moja tu wiki hii, shughulikia hili. Matiti hubadilika kabla ya tumbo. Kwa wanawake wengi maumivu huanza ndani ya wiki chache za mwanzo, pengine hata kabla ya kupima, na sidiria ndiyo nguo ya kwanza kukataa.

Dalili kwamba ile ya zamani imekushinda: nyama inamwagika juu ya kikombe, kipande cha katikati kimeinuka hakigusi kifua, kamba za begani zimechimba, au unatamani kuivua kabla ya saa sita mchana.

Mkanda ukibana lakini vikombe viko sawa, tumia kile kiungio. Ndoano zake zinaingia kwenye vitanzi vya sidiria yako, mkanda unaongezeka sentimita chache, na umeokoa sidiria zote ulizonazo. Baada ya kuunga, regeza kamba za begani kidogo, la sivyo mkanda utapanda mgongoni.

Vikombe vikiwa vidogo, kiungio hakisaidii. Hapo nunua, lakini mbili tu, kwa sababu matiti yataendelea kukua na kipimo cha leo huenda kisiwe cha mwezi wa sita. Chagua isiyo na waya, mkanda mpana wenye safu 3 au zaidi za ndoano, kitambaa cha pamba au kinachovutika, na ndani pasiwe na mshono unaopita juu ya chuchu. Siku hizi hata uzi mmoja unaokwaruza pale unatosha kuiharibu siku yako.

Kuna kanuni moja hapa inayogeuka. Kwa kawaida sidiria mpya hufungwa ndoano ya nje kabisa, ili ikilegea usogee ndani. Ukiwa mjamzito fanya kinyume: inunue ikiwa inakutosha kwenye ndoano ya ndani. Mbavu zitapanuka miezi ijayo, na safu zilizobaki ndizo utakazozihitaji.

Kuhusu waya: hakuna haja ya kuziogopa kama sumu. Ubaya wake ni kwamba titi likikua, waya huacha kukaa chini yake na kuanza kulikandamiza, na titi la mimba changa halivumilii kukandamizwa.

Usiku, kama kugeuka tu kitandani kunakuuma, vaa sidiria laini ya kuvuta kichwani, ya pamba, isiyo na ndoano. Ikuache upumue na kupitisha vidole viwili chini ya mkanda bila kuvuta.

Kipimo cha kufaulu: shuka ngazi kwa mwendo wa kawaida. Kama hukushika kifua kwa mkono, sidiria inafanya kazi.

## Hatua ya 5: Nguo za juu, na siri ambayo hujaitoa

Wengi hawataki habari ijulikane kabla ya wiki ya 12 au zaidi, na wana haki hiyo. Lakini njia wanazotumia kuficha mara nyingi ndizo zinazowatangaza.

La kwanza ni kubadilika ghafla. Mtu aliyevaa blauzi za kuchomeka mwaka mzima, Jumatatu moja anatokea na gauni pana kama hema. Kila mtu anageuka. Anza mapema, ungali unaweza kuvaa za zamani: leo blauzi isiyochomekwa, baada ya siku tatu shati pana, wiki inayofuata gauni. Macho ya watu yanazoea.

La pili ni gauni lenye mkato chini ya matiti na marinda yanayoanzia hapo. Linapendeza na linastarehesha, ila ndilo umbo ambalo watu wameshalizoea kwa wajawazito. Lihifadhi kwa siku utakayotaka kusema. Kwa sasa gauni lililonyooka kutoka begani, au pana kote kama dera, linaficha vizuri zaidi kwa sababu halionyeshi kiuno kiko wapi.

Mbinu nyingine zinazofanya kazi kweli:

- Nguo mbili, ya ndani ya rangi moja na koti jepesi au sweta ya mbele wazi juu yake. Kingo mbili za koti zinashuka wima na kufunika pembeni mwa tumbo, mahali panapoonyesha uvimbe kwanza.
- Maua madogo au michoro iliyochanganyika kwa juu, rangi nzito ya kimya kwa chini. Mistari ya kulala tumboni hujipinda na kuchora duara, iepuke.
- Kitambaa chenye uzito kidogo kinachoanguka. Kitambaa chembamba cha jezi, kile cha kufuma kinachovutika, hunata kila mahali.
- Kitu karibu na uso: skafu, kola nzuri, hereni. Jicho hutua hapo.

Na mkono wako. Mkono huenda tumboni wenyewe bila kuuita, na wanawake waliokwisha kuzaa hulitambua tendo hilo toka mbali. Ushike mkoba.

Kama hii si mimba yako ya kwanza, anza hatua hii mapema zaidi. Misuli ya tumbo iliyowahi kunyooka huachia haraka, na tumbo huonekana wiki kadhaa kabla ya lilivyoonekana mara ya kwanza. Mapacha nao hawangoji.

## Hatua ya 6: Nguo za ndani

Chupi za pamba, zenye mkanda unaokaa chini ya tumbo au uliopanda mpaka juu yake, lakini usiokata katikati. Ongeza idadi, kwa sababu ute huongezeka katika ujauzito na utabadilisha mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea. Ute mweupe au wa maji, usio na harufu kali, ni wa kawaida. Fangasi pia hupenda mwili wa mjamzito, na kitambaa cha nailoni kilichoshika jasho huwakaribisha.

Ukivaa pedi nyembamba kwa ajili ya ute, iwe isiyo na manukato na uibadilishe mara kwa mara. Tamponi usitumie.

## Hatua ya 7: Siku za kichefuchefu na joto

Kichefuchefu huanza karibu wiki ya 6 na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Kwa siku hizo nguo inachaguliwa kwa maswali mengine kabisa.

Je, inafunguka mbele? Kuvuta nguo ya kubana kichwani, uso ukiwa umefunikwa na kitambaa chenye harufu, kumewatapisha wengi kabla hawajatoka chumbani. Mashati ya vifungo na magauni ya kujifunga yanakuokoa.

Je, inagusa shingo? Kola iliyofungwa mpaka juu, skafu iliyokaza, mkufu mfupi: vyote hivyo vinaweza kuamsha kichefuchefu. Acha shingo wazi. Ile skafu ya hatua ya 5 ining'inie, isizunguke.

Inanukaje? Pua ya mimba changa ni kali mno. Sabuni uliyoipenda miaka 5 inaweza kukugeuka leo. Fua tena nguo za wiki kwa sabuni isiyo na manukato, suuza maji mengi, anika penye upepo. Nguo zilizokaa kabatini na dawa ya nondo zipungie hewa siku nzima kabla ya kuvaa.

Joto nalo linaongezeka. Damu inayozunguka mwilini ni nyingi kuliko zamani na utatoka jasho mahali ambapo wenzako wanavaa sweta. Vaa matabaka mepesi unayoweza kuvua moja baada ya jingine. Pamba na kitani kwanza, poliesta mwisho.

Halafu choo. Utakwenda mara nyingi, wakati mwingine mbio. Vazi la kipande kimoja lenye suruali, linalokulazimu kuvua mpaka mabegani, lipumzike. Siku ya kipimo cha picha pia vaa vipande viwili, ufunue tumbo tu badala ya kuinua gauni zima.

## Hatua ya 8: Sare na mavazi ya kazi

Kama kazi yako ina sare, omba saizi moja juu mapema, na huna haja ya kueleza sababu. "Hii inanibana" ni maelezo kamili. Ukipewa kubwa mno mabegani, fundi apunguze hapo na aache tumbo.

Wanaovaa mkanda mzito wa vifaa kiunoni, au ovaroli yenye mkanda, wauhamishie uzito huo begani kama kazi inaruhusu. Na kama kazi yako inagusa kemikali, mionzi au mizigo mizito, hapo siri ina gharama: mwambie anayehusika na usalama kazini mapema, hata kama wengine wote hawajui.

Viatu: visigino vifupi, soli isiyoteleza, soksi ambazo mpira wake wa juu hauachi alama. Kizunguzungu huja bila hodi katika wiki hizi.

## Hatua ya 9: Ukinunua, nunua vichache

Kuna wanawake ambao hawataki kununua chochote mpaka wasikie mapigo ya moyo wa mtoto, hasa waliowahi kupoteza mimba. Kama ni wewe, hatua ya 1 hadi ya 7 zinaweza kukuvusha kwa gharama ndogo sana. Usiruhusu mtu akuharakishe.

Kwa anayetaka kununua, orodha yangu ni fupi: taiti moja nyeusi yenye kiuno kipana kisicho na mshono mbele, suruali moja ya lastiki kitambaa cha heshima, gauni moja lililonyooka, na shati moja refu la vifungo. Hizi ni nguo za kawaida, saizi yako au moja juu, wala si za ujauzito. Utazivaa sasa na utazivaa tena baadaye.

Epuka kununua saizi tatu juu ukidhani utakua ndani yake. Mwili wa mimba hukua tumboni na kifuani, mabega hayakui. Nguo kubwa kote itaanguka begani na bado itakaza mbele.

## Hatua ya 10: Kuitambua siku ya kuhamia

Nguo za ujauzito kwa kawaida hupimwa kwa saizi uliyokuwa nayo kabla ya mimba. Nafasi ya tumbo imeshawekwa. Kwa wengi huanza kukaa kati ya wiki ya 14 na 20. Karibu wiki ya 20 mfuko wa uzazi hufika usawa wa kitovu.

Jaribu hivi, asubuhi safari hii. Vaa suruali ya ujauzito, tembea nyumbani, panda na kushuka ngazi, chuchumaa mara 3. Kama umeivuta juu hata mara mbili, bado. Ikikaa yenyewe asubuhi, kabla gesi haijajaa, basi sasa ni tumbo la mtoto linaloishika.

Anza na aina yenye mkanda mfupi unaokaa chini ya tumbo. Ile yenye kitambaa kirefu kinachopanda mpaka mbavuni inahitaji tumbo kubwa zaidi, na ndiyo hiyo inayoteremka kwa waliokimbilia mapema.

## Mambo ambayo nguo haiyatatui

Kulegeza mkanda si tiba ya haya. Nenda hospitali mara moja ukiona damu ikitoka, ukipata maumivu makali ya tumbo au ya upande mmoja, ukizirai, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine. Nenda pia kama unatapika kiasi kwamba hata maji hayakai. Ute wenye harufu, muwasho, au kuungua wakati wa kukojoa, upeleke kliniki, usijinunulie dawa.

## Ukimaliza, usigawe

Suruali zilizotiwa mpira, sketi za lastiki, ile sidiria laini ya usiku: zifue, zikunje, uziweke pamoja. Ukishajifungua tumbo halitoweki siku hiyo. Mfuko wa uzazi huchukua wiki 6 hivi kurudi kwenye ukubwa wake, na katika wiki hizo nguo za ujauzito zitakuwa kubwa na za zamani zitakuwa bado ndogo. Utarudi hapahapa, kwenye vipimo vya karatasi ile ya hatua ya 1.

Andika juu ya boksi "baada ya kujifungua", na uliweke mahali utakapolifikia bila kuinama.